Kukauka, Kuvunda na Kuanikwa: Vitenzi vya Pilipili Iliyosahauliwa

Utangulizi

Pilipili kichaa zilizoachwa ungoni kwa wiki tatu bila kuguswa aghalabu hukutwa zimekuwa nyepesi, zimesinyaa, na mbegu zinalia ndani zikitikiswa. Pilipili hoho iliyowekwa kando yake siku ileile hukutwa imelegea, ina madoa meusi na inavuja maji karibu na kikonyo. Hakuna aliyekusudia lolote kati ya matokeo hayo. Mzungumzaji wa Kiswahili atasema kwamba zile zimekauka na hii imeoza, na msikilizaji ataridhika. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nyuma ya vitenzi hivyo viwili mna mfumo mpana wa maana, na kwamba anayevichukulia vitenzi vya uharibikaji kuwa visawe hupotoka kisarufi na wakati mwingine huhatarisha afya ya watu.

Mbio za maji na kuvu

Kabla ya kuvichambua vitenzi, ni vyema kulitazama tukio lenyewe. Pilipili mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90 ya uzito wake. Ikishachumwa, maji hayo huanza kutoka, na wakati huohuo kuvu na bakteria hutafuta mahali pa kuingilia. Ni mashindano. Maji yakitangulia kutoka, pilipili hukauka. Kuvu ikitangulia kuingia, huoza. Chakula kilichokauka kiasi cha kulingana na hewa yenye unyevu usiozidi asilimia 60 hakisitawishi kuvu wala bakteria, kwa kuwa maji machache yaliyobaki yameshikwa na chakula chenyewe.

Ni nini basi kinachoamua mshindi? Kwanza ni unene wa nyama. Pilipili kichaa ina ukuta mwembamba na mwili mdogo, hivyo maji yake yana safari fupi. Hoho ina ukuta mnene na uwazi mkubwa ndani, na ngozi yake ya nta huzuia maji kutoka. Unyevu hukaa ndani ukiingoja kuvu. Pili ni hewa. Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, si sawa na Lodwar. Tatu ni uzima wa ngozi: tundu moja la mdudu au mchubuko mmoja hutosha kuwa mlango.

Wengi hudhani kwamba ukali ndio unaoikinga pilipili. Dhana hii ina ukweli nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu pilipili mwitu za Bolivia ulibaini kwamba kapsaisini, yaani kemikali inayowasha, hupunguza mashambulizi ya kuvu kwenye mbegu. Hata hivyo, pilipili kali iliyofungiwa na unyevu huota kuvu vilevile.

Hapa pana suala dogo la kileksika lisilopaswa kupuuzwa. Katika kamusi za zamani, pilipili hoho ndiyo ile nyekundu inayowasha, ikitofautishwa na pilipili manga. Katika masoko ya Kenya ya leo, hoho ni ile kubwa isiyowasha. Msomaji anayekuta katika matini kongwe maelezo ya hoho zilizokaushwa asishangae. Ni jina lililohama, wala si hoho iliyobadili tabia.

Vitenzi si visawe

Tuanze na vile vinavyohusu kupoteza maji. Nyauka hutumiwa zaidi kwa mmea au jani, mara nyingi lingali shinani. Sinyaa hurejelea umbo: kitu kimepungua na kujikunja, iwe ni kwa ukavu au kwa uzee. Kauka hutaja kuondoka kwa maji yenyewe, ndiyo maana mto hukauka lakini hausinyai. Pilipili ya ungoni imefanya yote mawili, kukauka na kusinyaa, lakini haikunyauka isipokuwa ilianzia mtini.

Upande wa pili, oza ni kitenzi cha jumla (kisichanganywe na oza ya arusini, inayotokana na oa). Chacha ni cha tui, wali na vyakula vya aina hiyo; pilipili nzima haichachi. Yai lililoharibika huitwa viza, na embe lililooza huitwa bovu. Vunda huongeza harufu kwenye kuoza, na ndipo tunapopata nomino uvundo.

Anika na vundika

Kitenzi vunda kinatufikisha kwenye jambo lenye uzito zaidi. Kutokana nacho tuna vundika, yaani kufunika matunda mabichi, kama vile ndizi, ili yaive kwa joto. Ukikiweka kando ya anika, utaona vitenzi viwili vilivyojengwa kwa namna moja na vinavyokinzana kimaana. Anika ni kukitandaza kitu hewani na juani. Vundika ni kukinyima hewa. Wanafunzi wengi huiona -ik- ya vitenzi hivi na kuiandika kuwa ni ya kauli ya kutendeka. Sivyo. Vyote viwili ni vitenzi elekezi: mtu huanika nguo, huvundika ndizi. Hii ni -ik- ya kuweka kitu mahali au katika hali fulani, ile ya bandika, funika na tundika. Ushahidi zaidi ni kwamba anika ina kinyume chake katika kauli ya kutendua, anua, kama ilivyo funika na funua, bandika na bandua.

Pilipili iliyosahauliwa haikuanikwa wala haikuvundikwa na mtu, kwa kuwa vitenzi hivyo hudai mtendaji mwenye nia. Lakini mahali iliposahauliwa pamefanya kazi ya mtendaji huyo. Ungo umeianika. Mfuko wa plastiki uliofungwa, mithili ya ile ya kubebea bidhaa iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, huivundika, na hata pilipili nyembamba kabisa hushindwa humo.

Iliyokauka, iliyokaushwa na kavu

Jozi ya kauka na kausha hufundishwa kama mfano mwepesi wa kauli ya kutendesha. Ni nadra kuelezwa tofauti ya matokeo yake. “Pilipili iliyokaushwa” ina mtu aliyeichagua, akaianika na kuianua kabla ya umande. “Pilipili iliyokauka” haina mtu. Kivumishi kavu hufuta tofauti hiyo kabisa: hutaja hali ya sasa bila kusema imefikiwaje, wala kama ndani ya kikonyo mna kuvu iliyotangulia ukavu.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Tanzania imeipa sumu hiyo jina sumukuvu, istilahi inayojieleza yenyewe na ambayo walimu wa Kenya wangefaa kuieneza. Kuvu wa aina hiyo huota kwenye pilipili pia, na kuikausha pilipili baadaye hakuiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo mfasiri wa mwongozo wa wakulima anayeandika “hifadhi mahindi makavu” amemwachia mkulima kuamua ukavu kwa macho. Akiandika “kausha mahindi kabla ya kuyahifadhi,” kuna kazi iliyotajwa na kuna mwenye kuifanya.