MBOGA ZAKO ZITAKAA SIKU NGAPI?



Wengi wetu hulima na kupalilia kwa bidii, kisha mavuno huozea nyumbani. Jasho limekwenda bure, na mama hana cha kupika. Somo la mwezi huu ni namna ya kuyatunza.

Fahamu kwanza kwamba mboga iliyochumwa bado ni hai: inapumua na kupoteza maji. Joto huiharibu upesi. Kwa hiyo chuma asubuhi na mapema, uiweke kivulini mara moja.

Sukuma wiki na mchicha: Hukaa siku 1 au 2 tu. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye ubaridi.

Nyanya: Zilizoiva hukaa siku 3 hivi. Zinazoanza kubadilika rangi hufika siku 7. Zipange, usizirundike.

Karoti: Kata majani, uzifukie katika sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo. Zitakaa wiki kadhaa.

Vitunguu: Vianike mpaka shingo zikauke kabisa, kisha vitundike penye hewa. Vitakaa miezi 2 au zaidi.

Viazi: Usivioshe. Vilivyokatwa na jembe vile kwanza. Vizima viweke gizani, penye hewa, juu ya mbao. Nchi ya baridi kama Kinangop hukaa miezi 2 au 3. Usivichanganye na vitunguu.

Ndizi mbivu ziwe mbali na mboga za majani, kwa maana hutoa hewa inayofanya majani yageuke manjano.

Sasa sikiliza neno la hatari. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani. Rangi hiyo ni dalili ya sumu, na kupika hakuiondoi. Usimpe mtoto, wala usimpe ng'ombe. Kama ni kizima hakina ugonjwa, kiweke kwa mbegu.

Kila wiki kagua ghala lako, uondoe kilichooza. Samaki mmoja akioza huoza wote. Na viazi ni vivyo hivyo.

Jaribio: Leo chuma mafungu 2 ya sukuma wiki. Moja liache mlangoni penye jua, la pili lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kivulini. Jioni waite watoto, myatazame pamoja. Mtajionea wenyewe jinsi mboga zinavyoweza kuharibika baada ya kuvuna.