Somo la 14: Kuchagua Mbuzi wa Maziwa

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi mnyama anavyotengeneza maziwa kutokana na chakula anachokula. Leo utajifunza jinsi ya kumchagua mbuzi atakayetoa maziwa hayo kwa wingi bila kuleta ugonjwa nyumbani.

Fikiri kwamba unaishi Bungu au Mbwera, katika Wilaya ya Kibiti. Wazazi wako wameuza korosho, nao wanataka kununua mbuzi wawili wa maziwa kwa ajili ya mdogo wako aliyeachishwa ziwa. Fedha ni hizo tu mpaka msimu ujao. Wakinunua mbuzi mgonjwa, fedha zitapotea, mtoto atakosa maziwa, na mbuzi wa majirani huenda wakaambukizwa. Kwa hiyo kazi hii haitaki haraka.

Aina za mbuzi

Mbuzi wetu wa kienyeji huvumilia joto, njaa na magonjwa mengi. Lakini maziwa yao ni kidogo. Mara nyingi humtosha mtoto wao tu. Miongoni mwa mbuzi wa maziwa wa kigeni wanaojulikana nchini ni Saanen, ambaye ni mweupe mwili mzima. Toggenburg, mwenye rangi ya kahawia na mistari miwili myeupe usoni. Na Anglo-Nubian, mwenye masikio marefu yanayoning'inia. Wawili wa kwanza asili yao ni Uswisi. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro.

Mgeta ni mlimani, nako kuna baridi. Kibiti ni karibu na pwani. Joto na unyevu ni vingi, na mapori ya bonde la Rufiji yana mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana. Mbuzi aliyezoea baridi huweza kudhoofika upesi mahali kama hapa. Ndiyo sababu ni afadhali kuanza na chotara, yaani mtoto wa beberu wa maziwa na jike la kienyeji. Chotara hurithi maziwa kwa upande mmoja na uvumilivu kwa upande wa pili. Damu ya Anglo-Nubian huvumilia joto kuliko ya Saanen.

Kwa mfugaji

Mnadani mbuzi wa mazizi mengi huchanganyika, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hamjui mama wa mbuzi anayemuuza. Nenda na mzazi wako kwa mfugaji anayezalisha mbuzi wa mbegu. Msalimieni kwa heshima, kisha mwombeni awaonyeshe daftari lake. Mfugaji mwema huandika siku mbuzi alipozaliwa, mama yake, baba yake, chanjo alizopata, na kiasi cha maziwa anachotoa kila siku. Mfugaji asiyeandika chochote anauza maneno matupu.

Mtamba bado hajazaa, kwa hiyo huwezi kuyapima maziwa yake. Utayajuaje? Mtazame mama yake. Uliza pia habari za mama wa beberu, kwa sababu beberu, ingawa hatoi maziwa, huwarithisha binti zake maziwa ya mama yake. Usinunue jike na beberu wa baba mmoja ili wazaliane, maana watoto wa ndugu huweza kuwa dhaifu. Tena, beberu asiye na pembe kwa asili asipandishwe kwa jike asiye na pembe kwa asili. Baadhi ya watoto wao huzaliwa si majike wala si madume kamili, nao hawazai kamwe.

Kama jike anakamuliwa, ombeni kuwapo anapokamuliwa jioni, na tena kesho yake asubuhi. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kuacha kumkamua mbuzi siku nzima ili kiwele kionekane kikubwa. Akikamuliwa mara mbili mbele yenu, hila hiyo hujulikana.

Kumpima mbuzi kwa macho na mikono

Anza na macho. Vuta ukope wa chini polepole, utazame ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu inatosha. Ikiwa nyeupe, mbuzi huyo amepungukiwa damu, na sababu ya kawaida ni minyoo ya tumboni inayofyonza damu kila siku. Mbuzi wa namna hiyo huweza kula vizuri na bado akafa. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili ya minyoo. Katika nyanda za mafuriko jihadhari zaidi, kwa kuwa konokono wa maji yaliyotuama hueneza minyoo ya ini.

Sasa fungua mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu. Taya la chini lina meno 8 ya mbele. Mtoto huwa na meno madogo ya utoto. Apitapo mwaka 1 hivi, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa 2. Akiwa na miaka 2 hivi huwa na makubwa 4, miaka 3 makubwa 6, na miaka 4 yote 8. Baadaye meno huachana na kukatika. Usinunue kikongwe kwa bei ya kijana.

Shika kiwele baada ya kukamuliwa. Kiwe laini, bila mabonge wala joto kali, na chuchu 2 zilizo sawa. Maziwa yenye madonge au damu ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Mwisho mtembeze, uone kama anachechemea.

Nyumbani

Mtenge mbuzi mgeni kwa majuma 3 au 4. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, huenezwa na wanyama wanaoonekana wazima siku ya kununuliwa. Mjulishe afisa mifugo. Banda liinuliwe kwa miti kama dungu la kulindia mpunga, maana tope la Rufiji huozesha kwato. Maziwa yachemshwe, kwani ugonjwa wa kutupa mimba huweza kumwingia mtu kwa maziwa mabichi.

Kazi ya kufanya

Tembelea zizi lililo karibu na shule. Tazama meno na kope za mbuzi 5. Andika umri unaokadiria, na rangi ya ukope wa kila mmoja.

Maswali

1. Kwa nini beberu huchaguliwa kwa kutazama maziwa ya mama yake?
2. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Aliyepandwa tarehe 1 Juni atazaa mwezi gani?
3. Mbuzi ana kiwele kikubwa, meno makubwa 4 na ukope mweupe. Je, utamnunua? Toa sababu.