Mguu wa Matende na Maji ya Sabuni: Maneno kwa Wenye Nyumba wa Garsen

Katika mwambao wa Kenya, kuanzia Kwale na Mombasa, Kilifi na Taita Taveta, hata kufika kwetu Tana River na Lamu, maradhi ya matende ni ya kale, na hakuna asiyeyajua kwa macho. Walakini asili yake haijulikani na wengi, na kwa upungufu huo wapo watu waliokaa ndani miaka mingi na miguu yao mikubwa, katika nyumba za kando ya mto kutoka Ngao hata Kipini, wakidhani kwamba hakuna tena la kufanya. Muradi wa kijitabu hiki ni kueleza kwamba lililobaki ni jingi, na kwamba sehemu yake kubwa hufanyika uani, kwa maji na sabuni.

Asili ya matende ni mnyoo mwembamba mno ambaye watoto wake huzunguka katika damu usiku, mbu akawafyonza kwa mtu mmoja na baada ya siku kadhaa akawatia kwa mwingine. Na kwamba mbu ana shughuli na mnyoo huyu ni jambo lililogunduliwa na tabibu Patrick Manson huko Amoy, Uchina, mwaka 1877. Nasi Garsen hatukunyimwa mbu: mafuriko ya Tana yanapopungua huacha madimbwi mashambani ambamo mbu wa malaria huzaliana, ilhali vyoo na mashimo ya maji machafu mjini huzaa mbu wa aina nyingine, na katika pwani hii aina zote mbili huchukua mnyoo wa matende. Kuumwa mara moja au mbili aghalabu hakumleti mtu kwenye maradhi. Ni kuumwa miaka kwa miaka, mara nyingi tangu utotoni, na dalili zikaja ukubwani, hata mtu asiweze kuunganisha sababu na matokeo. Ndipo huyu akasema amerogwa, yule akasema amekanyaga kitu njiani, na mabusha, yatokanayo na mnyoo huyo huyo, yakasingiziwa madafu. Madafu hayana kosa, na ayapendaye na anywe. Wala matende hayarithiwi, wala hayaambukizi kwa kushikana mikono, kulala chumba kimoja au kula sinia moja.

Minyoo wakubwa hukaa katika mishipa ya limfu, ambayo kazi yake ni kama ya mifereji ya shamba, kuyaondoa maji yaliyozidi katika nyama ya mwili. Mishipa ikiharibika, maji hutuama mguuni. Lakini mnyoo huanza tu. Kinachoufanya mguu uzidi kunenepa, ngozi ikawa ngumu yenye mikunjo na vinundu, ni vijidudu vingine, vya kawaida kabisa, vinavyoingia kwa nyufa ndogo za ngozi na kuleta homa baada ya homa, na kila homa huuacha mguu umezidi kidogo. Tabibu Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife, nchini Brazil, walilishikilia sana jambo hili katika miaka ya 1990, wakawafundisha wagonjwa kuiosha na kuilinda ngozi yao, na homa zikapungua.

Basi jioni, kabla ya kulala, mgonjwa na aketi kwenye kigoda mahali penye mwanga, karibu yake beseni la maji safi yasiyo moto. Na ikiwa ni majira ya mafuriko, maji ya mto yamejaa tope, yachemshwe kwanza yakapoa. Kabla ya kuosha, tazama. Vitenganishe vidole kimoja kimoja, kwa kuwa hapo, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, ndipo ngozi hulowa ikawa nyeupe, ikanuka, ikapasuka, na mwenyewe asihisi kitu. Ukishatazama, osha kwa sabuni ya kawaida kuanzia juu kuteremka, kwa kiganja au kitambaa laini, si kwa brashi wala dodoki, ukiingia ndani ya kila mkunjo. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha kausha kwa kugandamiza pasipo kusugua, na kipande chembamba cha leso kuukuu iliyofuliwa kipitishwe baina ya vidole. Kukausha ndiko watu wengi hukupuuza, nami nakuona kuwa nusu ya dawa. Ngozi ikipasuka au ikiwa nyeupe vidoleni, omba zahanati malhamu ifaayo. Mguu mwingine nao uoshwe, hata ukiwa mzima.

Usiku miguu iinuliwe juu ya mto au godoro lililokunjwa. Mchana kifundo kichezeshwe juu na chini mara kwa mara, kucha zikatwe bila kujeruhi nyama, na viatu viwe vipana. Wembe usiguse mguu huo kwa nia ya kutoa maji. Kuchanja kunafungua mlango ule ule tunaohangaika kuufunga.

Homa ikija kwa kutetemeka, mtoki ukauma na mguu ukawaka moto, acha mazoezi: mgonjwa alale, mguu uinuliwe na upozwe kwa kitambaa cha maji baridi, anywe maji kwa wingi, apelekwe hima zahanati au hospitali ya Ngao apewe dawa ya kuua vijidudu.

Kuhusu dawa za kumeza zinazogawiwa kwa watu wote, ambazo serikali ilianza kuzitoa Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2018 zikatolewa tatu kwa pamoja huko Lamu na Jomvu, wapo wanaolalamika kwamba walimeza na mguu haukupungua. Hazikukusudiwa hilo. Zinaua watoto wa mnyoo katika damu ili mbu asipate cha kuchukua, na faida yake kubwa ni kwa mjukuu ambaye bado mguu wake mzima. Waja wazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi huachwa. Wengine wote na wameze, na walale ndani ya chandarua. Busha nalo lina tiba yake, ni operesheni, na wazee wanaolificha chini ya kikoi wangeuliza hospitali wasingejuta. Hali kadhalika mwanamke aliyepasuliwa titi kwa saratani akavimba mkono, japo kwake hakuna mnyoo, ngozi yake hutunzwa kwa hadhari ile ile ya mguu wa matende.

Yupo mzee ambaye tumbo au mgongo haumruhusu kuifikia miguu yake, na huyu ndiye aghalabu nyufa zake hazionwi na mtu. Apangiwe wa kumwosha, mwana au mjukuu, naye afunzwe kuvitenganisha vidole na kutazama. Wala asivalishwe mifuko ya plastiki mikononi kwa kuogopa maradhi, illa akiwa yeye mwenyewe ana kidonda.