JASHO LA KWAPA NA UHAI WA NGUO

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, unajulikana nchini kote kwa zao la pamba. Katika wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, pamba hupandwa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, na huchumwa katika miezi ya kiangazi, jua likiwa kali na kivuli kikiwa haba. Mchumaji ainamaye shambani tangu asubuhi, mpagazi abebaye magunia katika kiwanda cha kuchambua pamba, mwalimu asimamaye mbele ya darasa lililojaa, na mwanafunzi atembeaye mwendo mrefu kwenda shuleni, wote wana jambo moja linalowaunganisha: mashati yao huchakaa kwapani kabla ya mahali pengine popote.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Shati ambalo mgongo wake, ukosi wake na mikono yake bado ni imara hutupwa kwa sababu ya sehemu mbili zisizozidi ukubwa wa kiganja. Kwa nyumba yenye watoto watatu wa shule, kila mmoja akiwa na shati moja au mawili meupe, hiyo ni hasara ya fedha. Tena iko hasara isiyopimwa kwa fedha: mtoto mwenye doa la manjano kwapani huona haya kunyoosha mkono darasani, hata kama jibu analijua. Kwa hiyo yafaa kueleza jasho ni nini, linaiharibuje nguo, na ni njia zipi za kujikinga zilizo ndani ya uwezo wa kila nyumba.

Jasho na kazi yake

Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4. Tezi hizo ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza imeenea karibu mwili mzima, nayo hutoa jasho jepesi ambalo asilimia 99 hivi ni maji, na kiasi kidogo kilichosalia ni chumvi, yurea na tindikali ya maziwa. Kazi ya jasho hili ni kuupoza mwili. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi na kuwa mvuke huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, yaani joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji yaliyoanza na nyuzi 20 za Selsiasi. Mtu afanyaye kazi nzito juani aweza kutoa lita moja kwa saa. Bila jasho, mkulima asingeweza kumaliza hata nusu ya siku shambani.

Aina ya pili hupatikana hasa kwapani na kinenani, nayo huanza kufanya kazi mtoto anapobalehe. Tezi hizi hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Majimaji hayo yanapotoka hayana harufu. Harufu huzaliwa baadaye, wakati bakteria waishio kwenye ngozi wanapoyala na kuyavunjavunja. Kwapa ni makao mazuri kwa bakteria hao: lina joto, lina unyevu, na halipati upepo wala mwanga. Hii ndiyo sababu mtoto wa darasa la pili hukimbia mchana kutwa bila kunuka kikwapa, na kaka yake wa kidato cha pili hunuka kabla ya saa nne asubuhi. Si kwamba kaka ni mchafu kuliko mdogo wake, bali mwili wake umebadilika.

Namna nguo inavyoharibika

Uharibifu wa nguo kwapani una sababu nne, na aghalabu hutenda kazi pamoja.

Ya kwanza ni mafuta na protini. Vitu hivi hujipenyeza katika nyuzi, na vikikaa siku nyingi hubadilika kwa nguvu ya hewa vikawa rangi ya manjano. Maji ya moto au pasi ya mkaa ikipitishwa juu yake, protini huganda kama ute wa yai katika kikaango, na doa huwa gumu kutoka.

Ya pili ni tindikali. Jasho jipya kwa kawaida lina tindikali kidogo. Pamba imeumbwa kwa selulosi, na selulosi huvumilia alikali lakini hudhoofishwa na tindikali, hasa ikikaukia ndani ya nyuzi kisha ikapigwa pasi. Minyororo mirefu ya selulosi hukatika vipande vifupi, na kitambaa huanza kuachana. Hariri na sufu ni kinyume chake: nyuzi hizo ni protini, nazo huharibiwa zaidi na alikali.

Ya tatu ni msuguano. Kwapani nguo husugua nguo kila mkono unapopita. Chumvi iliyokauka huongeza ukwaru, na mshono unaobana huvutwa kila mkono uinuliwapo.

Ya nne ni sabuni iliyobaki. Maji ya baadhi ya visima ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo hufanya utando mweupe usioyeyuka. Utando huo hushika mafuta ya jasho, na kitambaa cha kwapa huwa kigumu kama karatasi ingawa nguo imefuliwa kila wiki.

Dawa za kwapani

Dawa za kwapani zinazouzwa madukani ni za namna mbili, na yafaa kuzitofautisha. Namna ya kwanza hupambana na harufu tu, kwa kuwaua bakteria au kuifunika harufu kwa manukato. Namna ya pili huzuia jasho lenyewe. Hiyo huwa na chumvi za alumini, ambazo huganda katika mlango wa tezi na kuuziba kwa muda. Kwa kuwa kwapa ni sehemu ndogo sana ya ngozi, kuzuia jasho hapo hakumnyimi mtu uwezo wa kupoza mwili.

Hata hivyo dawa hizo zina gharama kwa nguo. Alumini ikichanganyika na mafuta na protini za jasho hufanya doa la manjano ambalo sabuni peke yake hailiwezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 dawa ya Kimarekani iliyoitwa Odorono, iliyokuwa na kloridi ya alumini na tindikali kali, ilijulikana kwa kutoboa nguo za waliotumia. Mwaka 1941 mkemia Jules Montenier alipata hataza ya kupunguza ukali huo kwa kuongeza kemikali nyingine. Dawa za leo ni pole zaidi, lakini doa bado lipo. Atumiaye na apake kidogo, usiku, juu ya ngozi iliyo safi na kavu, maana wakati huo jasho ni kidogo na dawa hushika vizuri. Asubuhi huoga na kuvaa nguo bila kuipaka dawa.

Jiwe la shabu, litumikalo tangu zamani, nalo ni chumvi ya alumini. Huwapunguza bakteria na kuikaza ngozi. Likitumiwa, liachwe likauke kabisa kabla ya kuvaa. Ama ndimu, hiyo haifai kupakwa kwapani: juisi yake ikipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha alama nyeusi.

Pamba na poliesta

Nyuzi zitokazo katika mashamba ya Simiyu zina sifa ya kunywa maji. Katika hewa ya unyevu wa wastani, pamba hushika maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata asilimia moja. Kinyume chake, poliesta hupenda mafuta na kuyang'ang'ania. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kulinganisha fulana za watu 26 baada ya mazoezi: fulana za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba, na baadhi ya bakteria wa harufu walistawi zaidi juu yake.

Hapo pana funzo kwa mnunuzi wa mitumba mnadani. Shati la poliesta haliozi upesi kwa jasho na hukauka haraka, lakini harufu hukaa ndani yake. Shati la pamba hupokea jasho na kufuliwa likatakata, lakini likiachwa na jasho hudhoofika. Kila moja lahitaji matunzo yake.

Kukinga kabla ya kufua

Kiswahili chenyewe chashuhudia kwamba mafundi wa kale walilijua tatizo hili. Katika kanzu, kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono huitwa kikwapa, na neno hilo hilo ni jina la harufu ya kwapani. Kipande hicho huupa mkono nafasi ya kuinuka bila kuvuta mshono, na kikichakaa fundi aweza kukifumua akatia kingine, kanzu ikabaki nzima. Fundi cherehani wa leo aweza kufanya vivyo hivyo kwa shati la shule.

Njia ya pili ni kuvaa singlendi au fulana ya pamba yenye mikono ndani ya shati. Fulana hupokea jasho kwanza, nayo ni rahisi kufua.

Njia ya tatu ni pedi ya kwapa. Hutengenezwa hivi:

1. Chukua kitambaa laini cha pamba kilichochakaa, cheupe ili kisichuje rangi. Fulana kuukuu yafaa sana.
2. Kata miduara minne yenye upana wa sentimita 16.
3. Weka miwili pamoja, ushone ukingo wake kuizunguka. Hiyo ni pedi moja. Fanya ya pili.
4. Kunja kila pedi katikati. Mkunjo uukalie mshono wa kwapa kwa ndani: nusu moja iingie mkononi, nusu nyingine ishuke ubavuni.
5. Ishikize kwa mishono minne mirefu isiyokazwa, ili ifumuliwe kwa urahisi.

Pedi hufuliwa kila siku kwa maji kidogo, na shati huweza kuvaliwa siku nyingine. Mahali ambapo ndoo ya maji hubebwa kutoka mbali, faida hiyo si ndogo.

Kufua ipasavyo

Nguo yenye jasho isirundikwe. Ikivuliwa tu, kwapa lisuuzwe kwa maji baridi, kisha nguo ianikwe ikisubiri siku ya kufuliwa. Kazi hii ya dakika mbili huondoa chumvi, tindikali na sehemu kubwa ya protini kabla havijaganda.

Doa la zamani katika pamba nyeupe lishughulikiwe kwa hatua. Kwanza loweka kwapa kwa nusu saa katika siki iliyozimuliwa, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe cha maji, ili kuyeyusha alumini na utando wa chokaa. Suuza sana, kwa maana siki ikibaki itapambana na hatua ifuatayo. Kisha loweka kwa saa moja katika maji ya uvuguvugu yenye magadi yaliyochujwa, kijiko kimoja kwa lita. Magadi ni alikali: hugeuza mafuta kuwa kama sabuni, na hayaidhuru pamba. Malizia kwa sabuni na maji mengi. Hariri na sufu visitiwe magadi.

Wengi hukimbilia jiki. Hilo ni kosa, kwani klorini ikikutana na protini ya jasho huweza kuzidisha umanjano. Tena ipo hatari kubwa zaidi: jiki isichanganywe kamwe na siki wala ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kuua.

Jaribio

Mwalimu na achomoe uzi mmoja mmoja kutoka vitambaa mbalimbali, aushike kwa kibanio juu ya sahani ya mchanga, na kuuwasha. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kisha wanafunzi watone tone la maji juu ya kila kitambaa na kuhesabu sekunde hadi linyweke. Wakitumia nguo mpya, waifue kwanza, kwani dawa za kiwandani huweza kulizuia tone.

Hitimisho

Jasho ni mlinzi wa mwili, na hapana sababu ya kulionea haya. Lakini mtu anayetokwa na jasho jingi mno bila kazi wala joto, au anayelowa jasho usiku huku akikohoa na kukonda, asihangaike na nguo: aende kituo cha afya apimwe, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Kwa wengine wote, maji baridi ya mapema, kitambaa cha pamba ndani ya shati, na sindano yenye uzi vyatosha kuongeza maisha ya nguo.

Maswali

1. Kwa nini jasho la mtoto mdogo halinuki kama la mtu aliyebalehe?
2. Kwa nini doa la jasho lisipigwe pasi kabla ya kuondolewa?
3. Eleza kwa nini siki hutangulia magadi, na kwa nini nguo husuuzwa kati ya hatua hizo mbili.
4. Ni nini hutokea jiki ikichanganywa na ndimu?