Mahojiano ya Mwanzo katika Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wote wenye nia ya kuomba masomo ya juu katika nchi zinazosomesha kwa Kiingereza wanaombwa wausome ukurasa huu kwa utulivu. Somo lenyewe linahusu dakika nne au tano tu za mtihani. Hata hivyo, watu wengi wenye elimu zao huziingia dakika hizo bila ya matayarisho yoyote, kwa kudhani kwamba mtu hana haja ya kujitayarisha kuulizwa habari za nyumbani kwake na kazi yake.

Mtihani tunaoukusudia ni ule unaojulikana kwa jina la IELTS, ulioanza mwaka 1989 na unaosimamiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu hupewa daraja kuanzia 0 hadi 9. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahiniwa huingia peke yake kwa mtahini mmoja, na mazungumzo yote hurekodiwa. Pengine mtahini huonekana kwa njia ya video. Kwanza huja mahojiano juu ya mambo ya kawaida ya maisha, nayo ndiyo mada yetu. Baadaye mtahiniwa hupewa kadi yenye maudhui, huachiwa dakika moja ya kufikiri, kisha husema peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Mwisho huwa na majadiliano mazito zaidi yanayotokana na maudhui yale yale.

Tutazame hesabu, kwani hapa ndipo penye khatari. Daraja la jumla hupatikana kwa kuzijumlisha sehemu zote nne na kugawa kwa nne, kisha jibu hupelekwa kwenye nusu iliyo karibu. Likiangukia robo, hupandishwa. Mtu aliyepata 6.5 katika kusikiliza, 6.5 katika kusoma, 6 katika kuandika na 5.5 katika kuzungumza ana jumla ya 24.5. Ukigawa kwa nne unapata 6.125, na daraja lake litakuwa 6. Lau angalipata 6 katika kuzungumza, jumla ingalikuwa 25, wastani 6.25, na daraja lake 6.5. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza hudai 6.5 kwa shahada ya pili. Kwa hivyo mfanyakazi aliyekwishapata ruhusa ya mwajiri wake na barua ya kukubaliwa kwa masharti anaweza kubakia kituoni pake kwa sababu ya nusu daraja aliyoiacha katika mazungumzo. Baadhi ya vyuo hudai pia kiwango cha chini kwa kila sehemu peke yake, na hapo wastani haumsaidii kitu.

Mtahini hupima mambo manne, na yote yana uzito sawa: mtiririko wa maneno na mpangilio wake, wingi na usahihi wa msamiati, sarufi, na matamshi. Ukweli wa habari haumo katika mizani hiyo, wala cheo cha mtahiniwa, wala uzuri wa maoni yake. Ukisema unapenda samaki ilhali humpendi, hupati alama wala hupungukiwi. La kupimwa ni Kiingereza kilichotoka kinywani. Asiyesema kitu hana kinachoweza kupimwa.

Na katika jambo hili malezi yetu hutugeukia. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba mdogo akiulizwa na mkubwa hujibu lile aliloulizwa, kisha hunyamaza. Ofisini ni vivyo hivyo: mkurugenzi akiuliza kama barua imekwenda, jibu ni kwamba imekwenda, na basi. Kujieleza sana mbele ya mtu usiyemjua huhesabiwa ni kujisifu. Adabu hii ni njema na hatusemi iachwe. Lakini mtahini wa IELTS ana maswali yaliyoandikwa mbele yake na saa mezani, wala hana ruhusa ya kukaa akikubembeleza. Akikuuliza kama unaipenda kazi yako, nawe ukajibu "Yes, I do", umejibu kwa usahihi kamili na kwa heshima, naye atapita kwenye swali la pili. Pengine atauliza kwa nini. Ukajibu "Because it is good", ataendelea tena. Dakika nne zitakwisha, na kilichorekodiwa ni maneno arubaini ambayo mwanafunzi wa darasa la mwanzo wa sekondari angaliweza kuyasema.

Mchukulie karani wa ardhi aliyeulizwa swali hilo hilo, naye akajibu: "Most of the time, yes. I look after land records, so I meet people from every village, and they usually bring a long story as well as their papers. What I don't enjoy is the filing." Hakuna neno gumu hata moja katika jibu hili. Ametoa jibu, akaeleza anachokifanya, akaongeza jambo dogo la kweli, kisha akaonyesha upande asioupenda. Mtahini amekwishasikia sentensi zilizoungwa, msamiati wa kazi, na mtu anayefikiri kwa lugha hiyo. Sentensi mbili hadi nne kwa kila swali zinatosha. Wapo wanaokwenda upande wa pili wakalifanya kila swali kuwa hotuba ya ufunguzi wa semina. Hao mtahini huwakatisha. Kukatishwa si adhabu, ni kwa sababu ya saa, na anayekatishwa asifadhaike akaharibu majibu yaliyobaki.

Saa zetu nazo zinataka aya yake. Mahojiano haya hupenda kuuliza utaratibu wa siku, na hapo Mswahili husema kwa ulimi wa Kiingereza huku akihesabu kwa saa za Kiswahili. Huamka saa kumi na moja alfajiri, huingia kazini saa moja na nusu, na hutoka saa tisa na nusu. Akiyafasiri maneno hayo kama yalivyo, mtahini atasikia kwamba mtu huyu huamka saa tano ya mchana, huanza kazi baada ya adhuhuri, na hurejea nyumbani usiku baada ya isha. Mtahini hatamkosoa, ila huenda akastaajabu kimoyomoyo. Dawa yake ni moja: kila ukitaja saa kwa Kiingereza ongeza au punguza sita, na ulifanye zoezi hilo mara nyingi nyumbani mpaka lisikuhitaji kufikiri. "I get up at five, I start at half past seven and I finish at half past three."

Kosa jingine hutokana na neno letu "yeye", lisilobagua mwanamume na mwanamke. Mtu aliyesoma Kiingereza miaka kumi utamsikia akimzungumza mkewe, na katikati ya maneno akasema "he". Kosa hili halitokani na ujinga. Ulimi hurudi kwao ukiharakishwa. Na kwa kuwa mahojiano huulizia sana familia, hujitokeza mara kwa mara. Afadhali kujizoeza kwa kueleza habari za watu watatu wa nyumbani, mama, kaka na shangazi, kila mmoja kwa sentensi tano. Katika kuwaeleza ikumbukwe pia kwamba mama mdogo kwa Kiingereza ni "aunt". Asemaye kwamba ana mama watatu itambidi aeleze mengi.

Swali la kukanusha nalo lina mtego. Kwetu mtu akiulizwa "Huendi pwani?" hujibu "Ndiyo, siendi". Kiingereza kinataka "No, I don't". Tazama kitenzi chako: kikikanusha, anza na "no".

Katika matamshi tuna mtaji ambao wengi hawaujui. Sauti mbili za Kiingereza zinazowataabisha Wafaransa na wengineo, ile ya mwanzo wa "think" na ile ya mwanzo wa "this", ni zile zile za thawabu na dhahabu, tulizofundishwa na walimu wetu wa chuoni kuzitoa kwa ncha ya ulimi baina ya meno. Zitumieni. Penye udhaifu wetu ni pengine. Kwanza, tunapenda kila neno limalizikie kwa irabu, hata "book" likawa "buku". Pili, irabu zetu ni tano tu, kwa hivyo "live" na "leave" hutoka kama neno moja, na asemaye anaishi Chake Chake husikika kwamba anaondoka. Tatu, mkazo wetu hukaa aghlabu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali "government" hukazwa mwanzoni. Lafudhi ya Unguja au ya Pemba haina ubaya wowote. Hakuna anayetakiwa aigize sauti ya mtu wa London, na anayejaribu kuigiza huwa mgumu zaidi kufahamika.

Sasa namna ya kujitayarisha. Wengi huandika majibu kwenye daftari na kuyahifadhi. Kuhifadhi ni fadhila mahala pake, na sisi ni watu wa kuhifadhi, lakini hapa hakufai. Mtahini amekwishasikiliza mamia ya watu, na huitambua mara moja sauti ya mtu anayesoma kutoka kichwani: hwenda mbio, bila ya kituo, na swali likibadilishwa kidogo jibu halilingani nalo. Jibu la namna hiyo haliwezi kumpa mtu alama nzuri.

La kufanya ni kuzigawa mada za kawaida: nyumba na mtaa, kazi au masomo, chakula, usafiri, hali ya hewa, mapumziko, vitabu, simu, marafiki. Kila usiku zichukuliwe mada mbili tu. Wafanyakazi wawili wa ofisi moja wanaweza kukaa dakika ishirini baada ya kazi, mmoja akawa mtahini na mwengine mtahiniwa, kisha wakabadilishana. Anayeuliza asisahihishe katikati. Aulize "kwa nini" na anyamaze. Majibu yarekodiwe kwa simu, na msemaji ajisikilize mwenyewe siku ya pili. Si jambo la kupendeza, kwani kila mtu huchukia sauti yake mara ya kwanza, lakini hapana mwalimu atakayemwonyesha makosa ya "he" na "she" upesi kuliko hivyo.

Msamiati utafutwe karibu. Iko dhana kwamba mtihani wa Kiingereza unataka habari za Ulaya, theluji na treni. La. Mtu wa Pemba ajue kueleza kwa Kiingereza namna karafuu zinavyochumwa, zinavyochambuliwa na kuanikwa majamvini. Wa Paje aeleze kilimo cha mwani na maji yanavyokupwa. Wa Mjini aeleze vichochoro vya Mji Mkongwe, umeme unapokatika, na boti ya asubuhi. Anayezungumza aliyoyaona hatafuti maneno hewani, na mtiririko wake huwa mwepesi.

Usipolisikia swali, omba lirudiwe: "Sorry, could you say that again?" Hii ni haki yako, wala haipunguzi alama ukiitumia mara moja au mbili. Katika mahojiano haya mtahini aghlabu atalirudia swali kama lilivyo bila ya kulifafanua. Ukiwa hujui neno moja, jibu kwa kile ulichokifahamu. Mtahini pia haruhusiwi kusema kama umefanya vizuri, kwa hivyo uso wake usioonyesha kitu usiufasiri kwa vyovyote.

Wanaovuka kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wasikate tikiti za boti kabla ya kuitazama ratiba yao. Sehemu ya kuzungumza huweza kupangwa siku moja na sehemu nyengine, au ndani ya wiki moja kabla au baada yake. Paspoti au kitambulisho kilichotumika kujiandikisha ndicho hicho hicho kitakachotakiwa mlangoni, kopi haikubaliwi. Na saa iliyoandikwa katika ratiba ni ya Kiingereza: 9:00 ni saa tatu ya asubuhi.