SOMO LA MWEZI: KUTOA PAMOJA NA KUGAWA PAMOJA
Kwa vikundi vya akina mama na wote wapendao kujifunza

Masomo ya kusoma kabla ya kukutana: Luka 8:1-3; Matendo 6:1-6; 2 Wakorintho 8:1-21



Katika mitaa yetu mingi akina mama ndio wanaotangulia katika matoleo. Siku ya mavuno wao ndio wanaobeba ndizi, mayai na kuku. Bati la kanisa likitakiwa, wao ndio wanaopika chai na maandazi ya kuuza mpaka fedha zitimie. Lakini ukiuliza fedha zile zilitumikaje, na ni nani aliyeamua, mara nyingi utajibiwa, "Waulize wazee wa kanisa." Basi somo letu la mwezi huu lina mambo mawili: kutoa pamoja, na kugawa pamoja. La kwanza tumelizoea. La pili bado linatushinda, nasi tutalitazama zaidi.

1. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Katika Luka 8 tunawakuta Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza, Susana, na wengine wengi. Hao walimhudumia Bwana Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wenyewe. Angalieni kwamba Kuza alikuwa msimamizi wa Herode, yaani Yoana alikuwa mke wa mtu mkubwa. Lakini anatajwa pamoja na wengine ambao hali zao hatuzijui. Mwenye nacho na asiye nacho walikuwa katika kundi moja.

Katika Matendo 6 tunaona upande wa pili, yaani kugawa. Kanisa lilikuwa na chakula cha kugawa kila siku, na nia ilikuwa njema. Hata hivyo wajane wa upande mmoja walisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wanyamaze, wala hawakufunga huduma ile. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi. Hapa tunajifunza kwamba kugawa kunahitaji watu waliochaguliwa kwa uangalifu, na kwamba manung'uniko ya mjane yaweza kuwa ya haki.

Katika 2 Wakorintho 8 Mtume Paulo anawasifu Wamakedonia, ambao walitoa sana wakiwa maskini. Tena anaeleza kwamba hakutaka kuichukua sadaka ile peke yake. Wengine waliochaguliwa na makanisa walisafiri pamoja naye, ili mtu yeyote asipate neno la kulaumu. Kama Paulo aliona vema asishike fedha za Kanisa peke yake, sisi ni nani?

2. KISANDUKU CHA SHUKRANI

Sasa tutazame mfano mmoja kutoka kwa ndugu zetu Waanglikana wa Marekani, katika Kanisa la Episkopali. Huko kulikuwa na chama cha akina mama cha kusaidia kazi ya misheni, kilichoanzishwa mwaka 1871. Katibu wake kwa muda wa miaka 40, tangu 1876 hata 1916, alikuwa Julia Chester Emery. Yeye na mwenzake Ida Soule waliona kwamba kila mtaa ulikuwa ukikusanya kidogo na kupeleka kwake, na hivyo nguvu ilitawanyika. Wakawaomba akina mama wote watoe sadaka moja ya pamoja, kwa ajili ya shukrani.

Sadaka ya kwanza ilitolewa mwaka 1889, wakati wa Mkutano Mkuu wa Kanisa hilo, ambao hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Ilipohesabiwa ilikuwa dola 2,188 na senti 64. Fedha hizo zilifanya kazi mbili: zilisaidia kujenga kanisa huko Anvik, katika nchi ya baridi kali ya Alaska, na zilimpeleka Japani mmisionari mmoja mwanamke, Lisa Lovell. Tangu hapo sadaka hiyo iliwasaidia wanawake wengi waliofanya kazi ya Kanisa, katika mafunzo yao, mishahara yao, na hata malipo yao ya uzeeni.

Njia yake ni rahisi. Kila nyumba ina kisanduku kidogo cha buluu. Mtu akiona jambo la kumshukuru Mungu, mtoto amepona, mvua imenyesha, msafiri amefika salama, anasali kwa ufupi na kutia sarafu. Mara mbili kwa mwaka, kwa desturi, visanduku hukusanywa kanisani, na fedha hupelekwa mbele. Fedha zote zilizokusanywa katika mwaka mmoja hutolewa kuwa misaada katika mwaka unaofuata. Halmashauri husoma maombi ya miradi na kupendekeza ipi isaidiwe. Misaada hiyo imefika pia katika majimbo mengine ya Ushirika wa Anglikana, Afrika ikiwamo. Na siku hizi wanaume nao hutia sarafu zao.

3. WALIOTOA BILA KUPEWA KITI

Lakini tusiisifu habari hii upande mmoja tu. Akina mama waliokuwa wakileta sadaka hiyo hawakuruhusiwa kuwa wajumbe wa Mkutano Mkuu. Walikuwa na mkutano wao wenyewe kando. Mwaka 1946 mama mmoja, Elizabeth Dyer wa Missouri, alipewa kiti. Mwaka 1949 walichaguliwa wanne na dayosisi zao, lakini Mkutano ukakataa kuwapokea kama wajumbe. Walialikwa kuketi kama wageni tu, bila sauti wala kura, nao wakakataa heshima hiyo. Wanawake walianza kuketi kama wajumbe kamili mwaka 1970. Hesabuni wenyewe: kutoka 1889 hata 1970 ni miaka 81. Kwa miaka hiyo yote mikono yao ilipokelewa, na sauti zao zikasubiri mlangoni.

Hata baada ya hapo swali la nani aamue halikwisha. Mwaka 2013 wajumbe wanne wa halmashauri ya sadaka hiyo walijiuzulu kwa sababu ya mabadiliko ya kanuni yaliyopendekezwa, ambayo waliona yangewapunguzia uwezo. Sadaka yenyewe haikukoma. Tunataja jambo hili ili tujue kwamba hata watu wenye nia njema na umri mrefu katika kazi huweza kutofautiana hapa, na kwamba ni afadhali kanuni ziandikwe mapema, kabla ugomvi haujaingia.

4. NJIA MBILI ZA KUTOA

Nje ya kanisa pia wanawake wamejifunza kutoa pamoja. Mwaka 1995, katika mji wa Seattle, Colleen Willoughby na wenzake walianzisha mfuko ambao kila mwanamke hutoa kiasi kilichopangwa, kisha wote hupiga kura sawa kuchagua atakayesaidiwa. Mwaka 2006, katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan, Karen Dunigan aliwaita wanawake zaidi ya mia moja. Kila mmoja alitoa dola 100, na katika muda wa saa moja zikapatikana zaidi ya dola 10,000 za kununulia vitanda vya watoto wachanga.

Tofauti ya njia hizi na ile ya kisanduku ni kubwa. Kiasi kikiwa sawa kwa wote, hakuna wa kujivuna, na kura sawa ni haki iliyo wazi. Lakini asiyeweza kiasi hicho hubaki nje. Kisanduku cha shukrani hakina kiwango. Mama mwenye duka na mama anayechuma mboga hutia kila mmoja alichonacho. Wahenga wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Kwa mtaa wenye watu wa hali mbalimbali, njia ya pili inafaa zaidi, ila kwa sharti moja: aliyetoa shilingi chache awe na kura kamili kama aliyetoa nyingi. Tukianza kupima kura kwa fedha, tumekwisha kumfukuza mjane.

5. UPATU NI UPATU, SADAKA NI SADAKA

Baadhi yetu watasema, "Sisi tuna upatu wetu tayari." Upatu ni jambo jema, lakini fedha ya upatu hukurudia zamu yako ikifika. Sadaka ya pamoja haikurudii. Huenda kwa mtu ambaye pengine hatakushukuru kamwe. Mtu asichanganye fedha hizi mbili.

Hata hivyo vikundi vya kuweka na kukopa vina mambo ya kutufundisha. Mtindo unaojulikana sana siku hizi, wa kuweka fedha sandukuni kijijini, ulianza nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake, kwa msaada wa shirika la CARE. Sanduku lina kufuli tatu; watu watatu tofauti hushika funguo, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Tena, pamoja na hisa, huwa na mfuko wa jamii, ambao kila mmoja huchangia kidogo, kwa ajili ya mwenzao aliyepatwa na msiba au ugonjwa. Hivyo, kutoa pamoja na kugawa pamoja si jambo geni kwetu. Linalobaki ni kuutazama na ule msiba ulio nje ya kikundi.

6. TUKITAKA KUANZA

(a) Andikeni kwanza mtakalosaidia: karo, wagonjwa, maji, au jambo jingine. Msingoje maombi yafike ndipo mpange, maana hapo mtapanga kwa kutazama nyuso.

(b) Wanaogawa wachaguliwe kwa kura, na wabadilishwe kwa zamu. Mke wa kasisi asiwe mwenyekiti kwa sababu tu ni mke wa kasisi.

(c) Ombi la ndugu yako likisomwa, toka nje mpaka kura ipigwe.

(d) Wawili waende kumtembelea mwombaji kabla ya uamuzi. Waende kwa heshima, wala wasitangaze waliyoyaona. Maskini naye ana siri za nyumba yake.

(e) Hesabu isomwe kanisani: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Kazi itajwe, jina la aliyesaidiwa lisitajwe bila ruhusa yake.

(f) Aliyenyimwa aambiwe sababu. Kumwacha akingoja miezi bila jibu ni kumnyima mara mbili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu, ni nani huamua matumizi ya fedha zinazopatikana kwa kazi ya akina mama? Je, walioleta huambiwa?

2. Kwa nini wajane katika Matendo 6 walisahauliwa? Ni nani wanaosahauliwa kwetu leo?

3. Je, kiwango sawa kwa wote ni bora, au kila mtu atoe awezavyo? Toeni sababu.

4. Wiki hii, ni mambo gani matatu ambayo kwa hayo ungetia sarafu ya shukrani?

SALA

Ee Mungu Baba, uliyetupa vyote tulivyo navyo, tupe mioyo ya shukrani na mikono isiyofumba. Utufanye waaminifu katika kidogo tunachokusanya, na wenye haki katika kukigawa, ili mjane asisahauliwe wala mgeni asidharauliwe katikati yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.