Oscar Kambona: Aliyekimbia na waliolipa

ANAYEPITA Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge hapa Arusha, huliona jengo dogo ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana mwishoni mwa Januari 1967 na kulipitisha Azimio, ambalo lilitangazwa Februari 5 mwaka huo. Watoto wetu hufundishwa shuleni mazuri yaliyokusudiwa. Kisichofundishwa sana ni kwamba miezi michache baadaye Katibu Mkuu wa chama hicho hicho aliikimbia nchi.

Huyo ni Oscar Kambona, mtoto wa padri wa Kianglikana kutoka pwani ya Ziwa Nyasa. Alikuwa nguzo ya TANU tangu miaka ya mwanzo na mtu wa karibu sana na Mwalimu Nyerere. Itakumbukwa kuwa askari walipoasi Januari 1964, Rais na Makamu wake wakiwa wamejificha, Kambona ndiye aliyewakabili waasi na kuzungumza nao. Aliiongoza pia Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam.

Juni 1967 alijiuzulu, na mwezi uliofuata akavuka mpaka kwenda Kenya, kisha London. Mwenyewe alieleza kuwa alitofautiana na Mwalimu juu ya ujamaa na mfumo wa chama kimoja. Serikali nayo ilimtuhumu kuwa na fedha zisizolingana na mshahara wake, tuhuma ambazo alizikana. Alikaa uhamishoni miaka 25, akiipinga serikali aliyoijenga kwa mikono yake.

Sasa tujiulize: ni nani aliyelipa gharama ya kuondoka kwake? Wa kwanza ni ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliowekwa kizuizini na kukaa humo miaka mingi bila kufikishwa mahakamani. Halafu ikaja kesi ya uhaini ya 1970. Kambona alitajwa kuwa kinara wa njama, lakini yeye alikuwa London. Waliosimama kizimbani walikuwa wengine, akiwemo Bibi Titi Mohamed, mama wa Kiislamu aliyewakusanya akina mama wa Dar es Salaam na kuwaingiza TANU wakati chama kikiwa kichanga. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, Kambona akiwa waziri. Katiba ya muda iliyohalalisha chama kimoja ilikuja mwaka 1965, Kambona akiwa Katibu Mkuu wa TANU. Waliokuwa madarakani waliziona sheria hizo kuwa za kuwabana wengine. Kabla ya miaka sita kutimia tangu ile ya kwanza ipitishwe, ilikuwa imeingia nyumbani kwa Kambona na kuwachukua nduguze. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, Kambona alirejea na kukiongoza chama cha TADEA. Wakati ulikuwa umempita. Katika uchaguzi wa 1995 chama hicho hakikupata hata kiti kimoja cha Bunge, na mwaka 1997 alifariki London. Tume ya Jaji Nyalali, iliyopendekeza vyama vingi, iliorodhesha pia sheria 40 za kukandamiza, hiyo ya kizuizini ikiwemo.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Novemba 2020 Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa Arusha Mjini kwa miaka kumi, alivuka Namanga na familia yake kuomba hifadhi, akaishia Canada. Alirejea Machi 2023. Aliyekuwa mwakilishi wa watu wa Kaloleni na Ngarenaro aliona usalama wake uko ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenye jengo lile la Azimio.

Sisi Waislamu tunaihesabu miaka yetu kwa tukio la kuhama. Hatumfananishi mwanasiasa yeyote na Mtume (SAW) na Maswahaba zake, hasha. Ila kalenda hiyo hutukumbusha kila mwaka kuwa mtu haachi mji wake kwa kupenda.

Basi funzo liwafikie wote, walio serikalini na walio upinzani. Unapopewa sheria uipigie kura au uishangilie, usiulize itamfanya nini hasimu wako. Uliza itakufanya nini wewe siku utakapokuwa huna cheo, na itawafanya nini ndugu zako siku utakapokuwa mbali.